Mama anaona aibu na kazi yangu

Barua za mwezi huu nyingi zinahusu kazi, na nyingi zimeandikwa na vijana waliomaliza masomo. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu kazi inayosemwa humo nimeiona kwa karibu, na bado inanigusa.

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 26, naishi Vingunguti. Nilimaliza diploma ya maendeleo ya jamii mwaka 2021. Nimeomba kazi serikalini na kwenye mashirika hadi nimeacha kuhesabu. Usaili nimeitwa mara mbili, na mara zote tulijaa ukumbi mzima kwa nafasi chache. Mwaka jana rafiki zangu wanne walinivuta kwenye kikundi chao cha kunyonya vyoo kwa pampu ya mkono. Gari la majitaka haliingii vichochoroni kwetu, sisi tunaingia. Tunatoza shilingi 40,000 kwa pipa la lita 200, na choo kimoja kwa kawaida kinatoa mapipa sita. Tukishalipa toyo (pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu) ya kukodi safari mbili, ada ya kumwaga kwenye mabwawa ya majitaka na vitu vidogo vidogo, inabaki 150,000, tunagawana watano. Mwezi mzuri tunapata vyoo 15. Masika tunapata vitano tu, kwa sababu watu wanatapisha, yaani wanafungulia choo kitiririke mtaroni na mvua. Pampu ikiharibika hakuna hela ya kuitengeneza, tunaanza kugombana. Mwenyekiti anataka tuchukue mkopo wa halmashauri tununue toyo yetu. Lakini linaloniumiza zaidi ni nyumbani. Mama ananiwekea sahani yangu nje. Kwenye kikao cha harusi ya dada yangu, walipouliza nafanya kazi gani, mama akasema bado natafuta. Niendelee, au nirudi kutafuta kazi ya cheti changu?*
*Kijana wa Vingunguti*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na sahani hiyo ya nje imenikaa moyoni, kwa hiyo naanzia hapo.

Nilikuwa afisa maendeleo ya jamii wa kata hapa Dar kwa miaka mingi. Agosti 2015 kipindupindu kilipoibuka Kinondoni, kikasambaa jiji zima na kuingia mikoani, nilikuwa mmoja wa waliotumwa kupita nyumba kwa nyumba na vidonge vya kutibu maji. Nyumba moja ilikuwa na vyumba kumi na choo kimoja. Mwenye nyumba alikuwa ametoboa ukuta wa shimo upande wa mtaroni, tundu akaliziba kwa tofali na tambara. Mvua ikinyesha, anavuta tofali. Nilihesabu hatua kutoka tundu lile hadi kwa mama mmoja aliyekuwa anaosha sufuria zake za biashara ya chapati pembeni ya mtaro uleule. Hatua 22. Mama yule alinikaribisha chai.

Kwa hiyo, mwanangu, kila pipa mnalolipandisha kwenye toyo na kulifikisha mabwawani Vingunguti ni pipa ambalo halikupita mtaroni kwa mama chapati. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam, na mabomba ya majitaka yanafika sehemu ndogo tu ya jiji. Wengine wote wanategemea shimo, na shimo linajaa. Kazi yenu ipo, na itakuwepo.

Lakini katika jambo moja mama yako yuko sahihi, na nataka umkubalie. Mayai ya minyoo yanayotoka na kinyesi yanaweza kukaa hai miezi mingi kwenye udongo wenye unyevu. Yanaingia nyumbani kwenye soli ya buti, kwenye kucha, kwenye suruali uliyoivaa kazini. Mama pengine hajui kulieleza hivyo, ila hofu yake ina msingi. Basi nguo za kazi na buti zisifike nyumbani kabisa. Tafuteni chumba kidogo karibu na mnakoweka pampu, kiwe na maji, sabuni na ndoo za kuloweka. Oga huko, badili huko, kisha ndiyo urudi nyumbani. Wote watano mkachanjwe pepopunda na homa ya ini aina B, na dawa ya minyoo mnywe kwa ratiba mtakayopewa kituo cha afya. Halafu mwambie mama kila hatua uliyochukua, kwa utaratibu, siku ambayo hujatoka kazini. Usimbishie kuhusu heshima. Mwambie kuhusu sabuni na chanjo, naye atarudisha sahani ndani mwenyewe.

Aibu yenyewe ina historia. Kabla ya pampu, kazi hii jijini ilikuwa ya vyura. Ndivyo tulivyowaita watu walioshuka shimoni na kuchota kwa ndoo, mara nyingi usiku, baada ya kumwaga mafuta ya taa ili kukata harufu. Walikuja usiku ili wasionekane. Waliitwa na kila mtu na hawakusalimiwa na mtu. Pampu mnayotumia, ile ya bomba lenye fimbo ndani na valvu chini, ilibuniwa na Mwingereza Steven Sugden na inajulikana kwa jina la Gulper. Wenzenu wa Dar wamekuwa wakiitumia kwa miaka mingi sasa. Ubora wake ni kwamba mtu hashuki tena. Anasimama juu, anavuta mpini, uchafu unapanda na kumwagika kwenye pipa. Haifiki chini kabisa ya shimo refu, na ikikutana na nguo au taulo za kike inakwama. Hapo ndipo ninapoogopa. Ikikwama, tumieni ndoano ndefu. Asishuke mtu, hata kwa dakika moja, hata kama mteja anawaharakisha. Gesi ya shimoni haina subira, na anayemfuata mwenzake kumwokoa mara nyingi hupotea naye.

Sasa hela. Nimekaa na kalamu nikazipigia hesabu namba zako. Vyoo 15 kwa 30,000 ni 450,000 zako kwa mwezi mzuri. Masika ni 150,000. Kwa kijana aliyeanza mwaka jana, mwezi mzuri huo si haba. Ugomvi wenu hautokani na tabia mbaya ya mtu. Unatokana na kugawana hadi senti ya mwisho. Pampu inafanya kazi kuliko ninyi wote na hailipwi. Ihesabuni kama mtu wa sita. Ile 150,000 igaweni kwa sita, kila mmoja abaki na 25,000, na 25,000 ya pampu iende kwenye akaunti yenye watia saini watatu. Mwezi mzuri pampu itakuwa na 375,000 zake, na hata masika itapata 125,000. Hapo valvu ikichakaa hamtatazamana kwa macho makali.

Kuhusu mkopo wa halmashauri, sikukatazi, ila nikueleze niliyoyaona. Fedha hizo zinatoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Asilimia 4 ni za vijana, 4 za wanawake, 2 za watu wenye ulemavu, na hazina riba. Zilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu nyingi hazikurejeshwa, utaratibu ukapangwa upya, zikarudi 2024. Mimi mwenyewe niliwahi kusaini fomu za kikundi cha ushonaji cha vijana kumi. Nilipokwenda kukagua baada ya miezi mitano nilikuta cherehani sita zimo ndani ya nailoni zake, stoo, nyumbani kwa mwenyekiti. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayejua kushona. Nilisaini kwa sababu robo mwaka ilikuwa inaisha na mkuu wangu alitaka idadi ya vikundi. Wale vijana wakaishia kwenye orodha ya wadaiwa, na mmoja wao akihama nyumba hadi leo huwa hamwambii mtu anakohamia. Sehemu ya kosa lile ni langu.

Ninyi ni tofauti, kwa sababu kazi mlianza kabla ya mkopo. Toyo ya kukodi, kama safari mbili zinawagharimu tuseme 50,000 kwa kila choo, mwezi mzuri mnatoa 750,000. Mwenyekiti ameliona hilo, na ameona vizuri. Lakini masika ni 250,000 tu, na hiyo ndiyo namba ya kuangalia. Rejesho la mwezi likizidi kile mnachotumia kwa toyo mwezi wa masika, msichukue, au ombeni muda mrefu zaidi. Na toyo nayo inakula mafuta na matairi, msiisahau hiyo. Kabla hamjasaini, kaeni miezi sita na akaunti ya pampu. Mkishindwa kuitunza hiyo, rejesho mtalishindwa pia.

Masika yenyewe mnaweza kuipunguzia makali, na hapa ndipo diploma yako inapoingia. Ninyi watano mnajua wote kuvuta mpini. Ni wewe uliyefundishwa kusimama mbele ya mkutano wa mtaa, kuandika barua kwa mtendaji, kuwahesabu wenye nyumba na kuwagawa kwa makundi. Januari na Februari, kabla ya mvua, ombeni dakika kumi kwenye mkutano wa mtaa. Mwombe afisa afya wa kata asimame nawe. Waelezeni wenye nyumba walipe kidogo kidogo kuanzia Oktoba, kwa ajili ya masika ya mwaka unaofuata. Serikali ya mtaa ikiwatambua kwa barua, mtu wa kutapisha atajua kuna pa kwenda na kuna anayemwona. Nimewaona wahitimu wengi wa fani yetu wakikaa ofisini na kuandika ripoti za usafi wa mazingira bila kujua choo kimoja cha mtaa kinajaa baada ya muda gani. Wewe unajua.

Basi endelea. Jipe mwaka mmoja mwingine, ukiwa na akaunti ya pampu na chumba cha kuogea. Maombi ya kazi usiyaache. Ukiitwa usaili nenda, na kwenye wasifu wako andika kazi hii kwa jina lake, pamoja na idadi ya vyoo mlivyohudumia. Mimi ningekuwa kwenye jopo, ningekuuliza wewe maswali kwanza. Na kikao kijacho cha harusi, omba ukatoe mchango wako mwenyewe, kwa mkono wako, mbele ya wajomba.

*Shangazi, nimepigiwa simu kwamba nimechaguliwa kazi ya mapokezi hotelini. Wanataka nitume 85,000 ya sare na kipimo cha afya leo kabla ya saa kumi. Sikumbuki kama niliomba hapo. Nifanyeje?*
*Dada wa Mbagala*

Usitume, mwanangu. Mwajiri wa kweli hamtozi mtu aliyemwajiri, na hampi saa kumi ya leo. Kama hoteli unaijua, nenda mwenyewe, uliza mapokezi kama wanakufahamu. Kazi za serikali zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na kuomba hakulipiwi. Namba iliyokupigia ipeleke polisi, na uwaambie wenzako wa mtaani, kwa sababu wewe si wa kwanza kupigiwa.

*Shikamoo Shangazi. Nina wazo la programu ya simu ya kuwaunganisha mafundi bomba, umeme na rangi na wateja wa Dar. Nimesoma kompyuta. Nahitaji mfadhili wa milioni 20, lakini naogopa kumweleza mtu asije akaniibia wazo. Nianzie wapi?*
*Mbunifu wa Sinza*

Marahaba. Nitakueleza bila kuzunguka, kwa sababu wazo lako ni zuri na nisingependa likae kwenye kompyuta tu.

Wazo tupu halilindwi na sheria yoyote. Jina la biashara unaweza kulisajili BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na programu uliyokwisha kuiandika ina hakimiliki. Wazo la kuunganisha mafundi na wateja, hata hivyo, liko kwenye vichwa vya wengi. Usipoteze usingizi kulificha. Wenzako wengi wanalijua, na bado mimi nikitaka fundi bomba namuuliza jirani. Kwa nini? Mteja wa Dar hatafuti fundi, mafundi wapo kila kijiwe. Anatafuta fundi ambaye hatachukua advansi akazima simu. Hilo ndilo tatizo la kutatua, na halitatuliwi na programu peke yake.

Kwa hiyo milioni 20 ziache kwanza. Chukua daftari, nenda vijiweni Buguruni, Manzese na Mwenge, kaa na mafundi hata wiki tatu. Chagua kumi. Ona kazi waliyofanya, ongea na waliofanyiwa. Halafu wewe mwenyewe uwe programu: mteja anakupigia, wewe unampeleka fundi, unashika advansi, unamlipa fundi kazi ikiisha. Fanya hivyo kwa wateja 30. Utajifunza mambo ambayo usingeyajua ukiwa Sinza na kiyoyozi, kwa mfano fundi anahitaji nauli na hela ya vifaa asubuhi, si jioni. Hapo ndipo advansi inapotokea, na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Ukipata njia ya kununua vifaa moja kwa moja dukani kwa niaba ya mteja, utakuwa umebuni kitu.

Na mafundi wengi wana ujuzi wa miaka 15 bila karatasi. Upo mpango wa serikali wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, hupima na kutoa cheti. Wapeleke mafundi wako kumi. Cheti kitawasaidia hata wewe usipofanikiwa, na jambo hilo kwangu lina uzito kuliko programu.

Baada ya wateja 30 nenda COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, pale Kijitonyama na daftari lako, uliza kuhusu vituo vya kulea ubunifu na kuhusu MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza 2019. Utakuwa na kitu cha kuonyesha.

*Bi Shangazi, habari za kazi. Mimi ni mwenye nyumba Tandale, vyumba vinane. Choo kimejaa. Vijana wa pampu wamenitajia 240,000. Kuna mzee anafanya kwa 90,000: anachimba shimo pembeni, anahamishia humo na kufukia. Wapangaji wanasema choo ni cha mwenye nyumba. Unanishauri nini?*
*Baba mwenye nyumba*

Salama, kaka yangu. Barua yako imefika wiki ileile na ya kijana wa Vingunguti, ndiyo maana nimeziweka pamoja. Ile 240,000 yako ndiyo mapipa yake sita.

Shimo la pembeni linasogeza uchafu hatua mbili. Haujaondoka kwako. Tandale maji ya ardhini yako karibu, na kama wewe au jirani mna kisima, mtakunywa mlichokifukia. Mvua kubwa ikija, shimo lililofukiwa hutitia na kufumuka. Halafu mwaka kesho kiwanja chako hakitakuwa na pa kuchimba tena. Vijana wakikupandishia mapipa, dai stakabadhi ya mahali walipomwaga. Wakishindwa kukuonyesha, usiwaite tena, maana wapo wanaomwaga mtoni.

Wapangaji usigombane nao. Gawa: vyumba vinane, kila kimoja 3,000 kwa mwezi, kwa miezi kumi, unapata 240,000 kamili. Andika kwenye mkataba wa pango, na fedha ishikwe na mpangaji wanayemwamini wao, si wewe. Safari hii lipa mwenyewe, uwaonyeshe stakabadhi, kisha mwanze kuweka ya safari ijayo. Vijana nao waombe wakupokee kwa awamu mbili. Wengi hukubali wakijua nyumba yenyewe haihami.

Huyo mzee nisingependa akose kula kwa sababu ya jibu langu. Mtu aliyefanya kazi hii miaka yote anajua kila shimo la mtaa: lipi lina kuta za mapipa, lipi la matofali, lipi linaweza kuporomoka ukisimama juu yake. Vijana hawajui. Wakutanishe. Kijana wa Vingunguti, kama unasoma hapa, mzee wa namna hiyo yupo na kwenu, mtafuteni mumlipe kwa siku awakagulie mashimo kabla hamjafunga pampu, na yeye asishuke tena.

Na leo hii, kaka, nunua ndoo yenye mfuniko uiweke chooni, uwaombe akina mama na mabinti wa nyumba watupie humo taulo zao, na upange nani anaimwaga. Hizo ndizo zinazoziba pampu, na saa nzima ya kuvua kwa ndoano vijana watakutoza.